Aga Khan wa Tatu, mzee wa farasi aliyepimwa kwa zahabu

Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake mmelisikia bila kumjua. Ukivuka ziwa, ukapita Kigoma, ukafika Dar es Salaam ao Nairobi, utaona Aga Khan imeandikwa kwenye mlango wa hospitali, utaona tena kwenye geti la shule. Wengi wetu tunafikiri ni jina la kampuni. Hapana. Ni cheo cha mtu, na cheo hicho kinarithiwa. Sisi tunamtaka yule wa tatu, aliyekufa mwaka 1957. Na hatumtaki juu ya hospitali. Tunamtaka juu ya farasi.

Tunajua mtatucheka. Huku Fizi ng'ombe tunawajua, mbuzi wamejaa barabarani, lakini farasi wengi wetu tumemwona kwenye televisheni tu. Mbung'o haikumpa farasi nafasi katika sehemu kubwa ya inchi yetu. Lakini maisha ya huyu mzee ni hadithi ya kutafuta filoni, na hiyo kazi hakuna mtu wa kutufundisha.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877, wakati Uhindi ilikuwa chini ya Waingereza. Jina lake ni Sultan Muhammad Shah. Babu yake, Aga Khan wa kwanza, alitoka Uajemi akiwa amegombana na wakubwa wa huko, akakaa Bombay, na farasi ndio walikuwa furaha yake. Mwaka 1885 baba yake alikufa. Mtoto alikuwa na miaka 7. Siku hiyohiyo akawa Imamu wa 48 wa Waismaili, ambao ni Waislamu wa upande wa Shia. Watu wazima wenye ndevu nyeupe walikuja kumbusu mkono mtoto ambaye meno yake ya utoto yalikuwa bado yanaanguka.

Mama yake ndiye aliyeshika nyumba. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, na hesabu alizijua. Alipoona zizi la mumewe limejaa farasi wa mashindano wanaokula pesa kila siku, aliwapunguza, akabakiza wachache ili mtoto asikose kabisa kile ambacho babu na baba walikipenda. Wamama wanaotusoma wataelewa: huyu mama alijua nini cha kuuza na nini cha kuacha.

Mwaka 1899 kijana alikuja Zanzibar kuwatembelea watu wake. Wakati ule Wahindi Waismaili walikuwa wameshaanza kuingia bara na duka zao za nguo, chumvi na mafuta, na baadaye walifika hata Kigoma na Bujumbura. Mwaka 1905 aliwapa Waismaili wa Afrika Mashariki kanuni zao za kujiongoza, na mwaka huohuo shule yake ikaanzishwa Zanzibar. Kuna shauri moja alilokuwa analirudia kwa wazazi, nasi tunaliweka hapa mapema juu litatusaidia mbele: mzazi mwenye uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu, kati ya wa kiume na wa kike, amsomeshe wa kike.

Sasa tuulize lile swali ambalo msomaji tayari analo mdomoni. Kiongozi wa dini, anayepokea sadaka za watu, ana haki gani ya kununua farasi wa mashindano? Swali hili liliulizwa hata nyumbani kwake. Ndugu zake wa damu walimpeleka kwenye korti ya Bombay, wakisema mali ya ukoo ni yao wote na sadaka pia. Kesi hiyo, inayoitwa kesi ya Haji Bibi, iliisha mwaka 1908. Korti ilisema kwamba kile waumini wanachompa Imamu ni chake yeye. Kwa sheria basi swali lilifungwa. Kwa watu halikufungwa, na magazeti ya Ulaya yaliendelea kumchora sawa mtu mnene mwenye kofia ndefu na farasi nyuma yake. Sisi tunaona haki ya kuuliza ilikuwa ya waumini wenyewe, na wengi wao walikuwa wanashangilia farasi zake kuliko mtu yeyote.

Kwanza tueleze farasi wenyewe. Siyo kila farasi anaingia mashindano makubwa. Ni lazima awe wa damu safi, yule Wafaransa wanamwita pur-sang. Farasi hao wote wa dunia, ukifuata upande wa baba, wanarudi kwa madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka inchi za mashariki miaka zaidi ya 250 iliyopita. Kila anayezaliwa anaandikwa kwenye kitabu, baba yake na mama yake, na wazazi wa wazazi. Asiyeandikwa hakimbii, hata awe mwepesi sawa risasi. Kati ya mashindano yote, lenye sifa kuliko mengine ni Derby, linalofanyika Epsom karibu na London tangu mwaka 1780. Wanakimbia farasi wa miaka 3 tu, mwendo wa karibu metre 2,400. Maana yake kila farasi ana nafasi moja tu katika maisha. Ukikosa siku ile, umekosa.

Mwaka 1921 Aga Khan alikuwa London, mtu wa miaka 43 mwenye jina kubwa tayari katika siasa ya Uhindi. Rafiki yake Lord Wavertree, mzalishaji mkubwa wa farasi, alimsukuma aingie katika mchezo huu kwa Waingereza wenyewe. Akaingia. Lakini hakuingia sawa tajiri anayetupa franga. Alimtafuta kwanza mtu mwenye jicho: George Lambton, Mwingereza ambaye alikuwa anamwangalia farasi wa mwaka mmoja akitembea, akajua ndani yake mna nini. PDG mwenye akili hafungui shimo kabla ya kumpeleka mzee anayesoma mawe.

Mwaka 1922, kwenye mnada wa Doncaster, Lambton alimnunulia jike wa rangi ya majivu kwa gini 9,100. Wakati ule gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja, kwa hiyo hesabu fanyeni wenyewe: ilikuwa bei ya kutisha kwa mnyama ambaye hajavaa tandiko. Walimwita Mumtaz Mahal, jina la malkia aliyejengewa kaburi la Taj Mahal. Mwaka 1923 alipoanza kukimbia, watu wa Uingereza walisema hawajaona kitu sawa hicho. Alikuwa anatoka mbele sawa jiwe lililotupwa na manati. Alikimbia mara 10, akashinda 7. Njia ndefu zilimshinda, na udongo wenye maji haukumpenda.

Wakati huohuo alinunuliwa jike mwingine, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1921. Huyu aliitwa Friar's Daughter, na bei yake ilikuwa gini 250. Gini 250 kando ya 9,100! Hakuna aliyemwangalia mara mbili.

Shikeni hawa wawili, yule wa bei kali na yule wa bei ya mchanga. Hapa ndipo penye kazi yote ya Aga Khan.

Shamba la kuzalisha farasi lina hesabu yake. Dume mmoja anaweza kupanda majike makumi kwa msimu. Jike anabeba mimba miezi 11 na anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kama Mungu amesaidia. Kwa hiyo dume mzuri unaweza kumkodi: unalipa, unampeleka jike wako, unarudi naye. Mama mzuri hakodiwi. Ukiwa naye unaye, ukimkosa umemkosa. Wenye farasi wengi wakati ule walipiga kelele juu ya baba. Aga Khan alipenda kuhesabu pia mama, na mama wa mama. Alimweka kazini Mfaransa mmoja, koloneli Vuillier, aliyekuwa amefuata ukoo wa farasi hadi vizazi 12 nyuma, na huko nyuma kila farasi ana mababu na mabibi 4,096. Koloneli alipokufa, mjane wake aliichukua kalamu akaendelea. Wanaume wa mashamba walishangaa kuongozwa na mwanamke. Aga Khan hakushangaa, alimsikiliza.

Mashamba aliyaweka Ireland, kwenye majani ya Kildare ambako udongo una chokaa inayokaza mifupa ya watoto, na mengine Ufaransa. Mwaka 1924, bado mgeni, alikuwa tayari ndiye mwenye farasi aliyevuna pesa nyingi kuliko wote Uingereza. Katika maisha yake alishika nafasi hiyo mara 13.

Derby ya kwanza ilikuja mwaka 1930, na ilikuja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na farasi wawili. Watu waliweka pesa kwa Rustom Pasha. Yule wa pili, Blenheim, wauzaji wa bahati walimpa 18 kwa 1. Rustom Pasha alichoka njiani, Blenheim akapita. Wachimbaji mnajua vizuri shimo ulilodharau linavyokutolea na lile ulilolipia linavyokauka.

Mwaka 1932 aliteseka kidogo, mateso ya kitajiri lakini mateso. Dastur, mtoto wa yule mama wa gini 250, alikuwa wa pili katika mashindano matatu makubwa ya mwaka mzima, yote matatu. Katika lile la mwisho aliyempita alikuwa Firdaussi, farasi wa Aga Khan mwenyewe. Mtu unacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini mama yuleyule alikuwa na mtoto mwingine, Bahram. Mwaka 1935 Bahram alichukua yale mashindano matatu, Derby katikati, kitu ambacho tangu hapo hadi leo ni farasi mmoja tu mwingine amekifanya Uingereza, Nijinsky mwaka 1970. Alikimbia mara 9 katika maisha yake, akashinda 9. Hakuna aliyejua mwisho wa nguvu yake, juu alikuwa mvivu: akishapita mbele anajilegeza sawa mtu aliyemaliza kazi. Mpanda farasi wake Freddie Fox aliumia siku moja kabla ya shindano la tatu, na Charlie Smirke akapanda mahali pake. Haya yote yalitoka kwa jike wa gini 250.

Na yule wa 9,100? Alikuwa shambani anazaa. Binti yake Mah Mahal alimzaa Mahmoud, mdogo wa umbo, rangi ya majivu sawa bibi yake. Watu walisema damu ile ni ya mbio fupi, haitafika mwisho wa Derby. Mwaka 1936 Mahmoud alifika kwa dakika 2 na sekunde 33 na vipande 8, na saa hiyo haikuvunjwa hadi mwaka 1995. Wa pili siku ile alikuwa Taj Akbar, wa Aga Khan pia.

Katika mwaka huohuo wa 1936, mwezi wa kwanza, huko Bombay, Waismaili walimweka kwenye mizani juu ya kutimiza miaka 50 ya uimamu, na upande wa pili wakapanga zahabu hadi mizani ikalala sawa. Tarehe 1 Machi 1937 walifanya vilevile Nairobi. Ndugu, sisi tuliokua karibu na mizani, tunaopima kwa tola na kugombana juu ya unga wa zahabu unaobaki kwenye kucha za mnunuzi, jaribuni kuiona: mtu mnene ameketi kwenye kiti, na zahabu inamfuata kilo kwa kilo. Mwaka 1946, kwa miaka 60, zilikuwa almasi, Bombay mwezi wa tatu na Dar es Salaam tarehe 10 Agosti. Bombay alikuwa na uzito wa karibu kilo 110. Kwa almasi hiyo ni zaidi ya kareti 550,000. Ukimwambia hivyo mchimbaji wa Kasai atakaa chini.

Watu waliuliza, na ni haki kuuliza, zile mali zilienda wapi. Hazikwenda kwa farasi. Watu walichanga thamani yake kwa pesa, naye akairudisha kwa jamaa. Wakati wa zahabu ilizaliwa Mombasa kampuni ya bima, Jubilee, mwaka 1937. Wakati wa almasi lilizaliwa shirika la kukopesha watu pesa za kujenga nyumba na kufungua biashara, ambalo leo ni benki ya Diamond Trust. Farasi walikuwa na kitabu chao, nao walijilipia kwa mashindano na kwa kuuzwa.

Kuuzwa huko kulimletea maneno. Blenheim alikwenda Marekani mwaka 1936. Mwaka 1940, vita ikiwa imewaka na yeye amejifungia Uswisi, aliwauza Mahmoud na Bahram kwa Wamarekani. Waingereza walikasirika sana: damu yao bora inavuka bahari, haitarudi. Hatuoni kosa lao kukasirika. Nasrullah, aliyezaliwa mwaka 1940 na binti mwingine wa Mumtaz Mahal, naye aliuzwa, akafika Marekani, na mjukuu wake wa kiume ndiye Secretariat, ambaye mwaka 1973 Wamarekani walimwona sawa malaika. Sisi wa Kongo tunajua habari ya kitu kinachotoka chini ya miguu yako na kwenda kung'aa kwa wengine. Tofauti ni hii: Aga Khan aliuza madume, lakini ukoo wa mama hakuutoa wote. Shimo lilibaki kwake.

Na sasa kitu kidogo kilichotufurahisha kuliko vyote. Katika mabinti wa ukoo ule wa Mumtaz Mahal, kuna jike mmoja, baba yake ni Dastur yule mwenye mkosi, aliyeitwa Dodoma. Ndiyo, Dodoma, sawa mji wa Tanzania ambao treni ya Kigoma inapita. Kwenye vitabu vya mabwana wa Ulaya, kati ya majina ya masultani na miji ya Uajemi, limeandikwa jina la Wagogo. Dodoma aliingia shambani akawa mama. Mwaka 1981, mzao wa binti yake, Shergar, alishinda Derby kwa kuacha wengine urefu wa farasi 10, na hakuna Derby iliyoshindwa kwa nafasi kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye watu wenye bunduki walimwiba usiku shambani Ireland, na hadi leo hata mfupa wake haujaonekana.

Mzee mwenyewe alipata Derby mbili zaidi. Ya mwaka 1948 ilikuwa na My Love, farasi ambaye alinunua nusu yake muda mfupi kabla ya mbio. Ya mwaka 1952 ilikuwa na Tulyar, ambaye mwaka ule alikimbia mara 7 akashinda 7, kisha serikali ya Ireland ikamnunua kwa pauni 250,000, na watu wa Ireland wakagombana miezi juu ya bei ile. Derby tano kwa jumla. Kando ya hizo alikuwa ameongoza mkutano mkuu wa Shirika la Mataifa huko Genève mwaka 1937, ameoa mara nne, na mwaka 1949 majambazi walimsimamisha barabarani kusini mwa Ufaransa, yeye na mke wake, wakachukua vito vyote. Hata huko wako, wale wa kufunga barabara.

Alikufa tarehe 11 Julai 1957 huko Versoix, karibu na Genève. Wasia wake ulishangaza watu: alimruka mtoto wake Aly, akampa uimamu mjukuu wake Karim, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado anasoma. Alizikwa Aswan, Misri, juu ya mto Nil.

Farasi walipita kwa Aly, aliyewapenda sawa baba. Siku mzee alipokufa, kulikuwa shambani jike wa mwaka mmoja, rangi ya majivu, aliyezaliwa mwaka 1956 kwenye ukoo wa Mumtaz Mahal kwa njia ya Mah Mahal. Jina lake Petite Etoile. Mzee hakumwona akikimbia hata mara moja. Mwaka 1959 jike huyo alishinda mashindano mawili makubwa ya majike Uingereza, na Aly alimwona. Mwaka uliofuata Aly alikufa katika ajali ya gari karibu na Paris, na jike akaenda kwa Karim. Shambani alikuwa mzito wa kuzaa: watoto wachache sana, na kati yao jike wa kuendeleza ukoo, Zahra.

Kwa mstari wa Zahra alikuja Zarkava. Mwaka 2008, Paris, alikimbia mara ya 7 na ya mwisho, akashinda shindano kubwa la Ufaransa la Arc de Triomphe mbele ya madume, bila kushindwa hata mara moja katika maisha yake. Kutoka ule mnada wa Doncaster ilikuwa imepita miaka 86. Naye walimrudisha shambani, azae.